Mpini wa Sandarusi

Wateja wangu wana tabia moja inayonikera kuliko zote. Mtu anaingia na kisu kilichofungwa gazetini, ananikuta nimekaa mbele ya jiriwa na tupa mkononi, vumbi la pembe limenijaa mpaka kwenye kope, halafu ananitazama usoni na kuniuliza, "Fundi yuko wapi?" Zamani nilikuwa nikijibu kwa upole. Siku hizi nasema, "Amekwenda kununua ndevu," kisha naendelea na kazi yangu mpaka aelewe mwenyewe.

Natia visu mipini. Kazi hii alinifundisha marehemu baba, naye alifundishwa na baba yake, katika chumba hiki hiki cha mbele cha nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Bagamoyo. Kaka zangu wawili hawakuitaka. Walisema inachafua kucha, wakaenda Dar es Salaam kutafuta kazi zisizochafua kucha. Baba alipoona hana wa kumwachia tupa akanipa mimi, nikiwa na miaka kumi na minne. Nadhani siku ile alikuwa anatania. Sasa nimevuka arobaini na saba na utani wenyewe haujaisha.

Katika nyumba yetu kulikuwa na kisu kimoja ambacho mtu mwingine hakigusi, nacho kilikuwa kisu cha baba cha kuchinjia. Bapa lake lilikuwa limekonda kwa kunolewa, lakini watu hawakuja kutazama bapa. Walikuja kutazama mpini. Ulikuwa na rangi ya asali iliyokaa sana chupani, umeshikwa juu na chini kwa pete za shaba, na ukiuinua kwenye mwanga wa dirisha uliona mpaka ndani. "Kaharabu," baba aliwaambia wageni. "Imetoka Uarabuni ikapitia Unguja. Baba yangu aliinunua kwa nahodha." Neno hilo kwetu lilitamkwa kwa heshima ile ile ambayo nyumba nyingine hutaja mtu wao aliyehiji. Nilikua nikiamini kwamba tuna kipande cha Uarabuni ndani ya kabati la vyombo.

Kila Idd ya mfungo tatu, ile ya kuchinja, mtaa mzima ulileta mbuzi wake uani kwetu. Si kwamba hakukuwa na mchinjaji mwingine. Jirani yetu wa nyumba ya pili ni muuza nyama, anachinja kila siku ya Mungu. Lakini ilikuwa desturi, tangu babu, kwamba mbuzi wa Idd wa mtaa wetu anachinjwa na mkono wa nyumba yetu kwa kisu kile. Baba aliifanya kazi hiyo miaka na miaka. Asubuhi ya Idd hata sauti yake ilibadilika, akawa anaamrisha watu wazima kama walimu wa chuoni wanavyoamrisha watoto.

Mpini ulivunjika siku ya Idd ndogo, tulipotoka kufunga Ramadhani. Baba alikuwa uani anachinja kuku wa pilau, mimi niko jikoni. Nikasikia kitu kimepiga saruji. Nilipotoka nilimkuta amesimama, kuku anarukaruka, bapa liko huku na mpini uko kule, vipande vinne.

"Mpini umechoka," akasema.

Nikavikusanya vile vipande kimoja kimoja nikavitia kwenye kopo la majani ya chai. Baba hakuinama kunisaidia. Alisema tu, kama anayejisemea, "Sasa Idd ya mfungo tatu nitachinjia nini?"

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi kwa mdomo wangu. Nilimwambia, tena kwa sauti kubwa, "Baba, kabla ya Idd ya mfungo tatu kisu chako kitakuwa na mpini kama huu huu." Jirani muuza nyama alikuwa mlangoni na sinia la visheti alilotumwa na mkewe. Akacheka. "Tutaona, dada. Kaharabu si kukuna nazi." Kufika Ijumaa, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba binti wa mzee ameahidi mpini wa kaharabu, na kwamba ana miezi miwili na siku chache. Nilianza kuulizwa hata na wauza samaki.

Kwanza nilifanya kama fundi yeyote mwenye akili. Nilimtilia mpini wa mpingo, nikaung'arisha ukawa kama kioo. Baba akasema mpingo ukilowa damu unateleza. Nikamtilia wa pembe ya ng'ombe. Akasema pembe inanuka. "Kisu kile kilizoea kaharabu," akasema. Na tangu wakati huo akaanza kutaka chakula chake apelekewe chumbani, ale peke yake, mlango umefungwa. Nilijua amenuna. Mtu mzima na ndevu nyeupe ananuna kwa ajili ya mpini! Nilikuwa nikiweka sinia mbele ya mlango wake na kuondoka huku nanung'unika.

Basi nikaanza kutafuta kaharabu.

Nilikwenda Kariakoo. Muuzaji mmoja alinitolea shanga kubwa, kila moja kama yai la njiwa, akala yamini kwamba ni kaharabu safi. Alisugua moja kwenye shati lake, akaishusha juu ya vijipande vya karatasi, karatasi zikarukia. "Umeona, mama? Kaharabu inavuta." Nilimwambia nataka kuijaribu kwa sindano ya moto. Akajiwekea mkono kifuani kwa huzuni, kana kwamba nimemtukana mzazi wake, akasema nitamharibia mali. Nami, kwa haraka zangu, nikazichukua. Nyumbani nikapasha sindano nikaichoma ile shanga. Chumba kizima kikanuka ndoo ya plastiki iliyoachwa juu ya jiko. Ndipo nikakumbuka kwamba hata kalamu ya wino ukiisugua kwenye nguo inavuta karatasi, jambo ambalo nililijua tangu darasa la nne. Nilijilaumu siku tatu.

Baada ya hapo nikampata mtu wa Unguja kwa simu. Huyu hakuwa mwongo, na hiyo ndiyo iliyonichosha zaidi. Alinieleza vizuri kwamba kaharabu yenyewe hasa ni utomvu wa miti iliyokufa zamani isiyohesabika, na kwamba nyingi inatoka kwenye pwani za baridi, kaskazini ya Ulaya kabisa. Waarabu nao wanainunua huko huko. Vipande vyake vingi ni vidogo kama maharage. Kipande cha kutosha mpini wa kisu hakiuzwi kwa watu kama sisi. Kinachotufikia ni chenga na vumbi, vinapashwa moto na kubanwa na mashine mpaka vishikane viwe tofali. "Ni kaharabu kweli, dada yangu," akasema, "ila imeunganishwa." Akaniletea.

Niliitoboa, nikaipitisha kwenye msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, nikaipiga msasa siku mbili. Ukipeleka kwenye mwanga unaona mistari ndani, kama uji uliokorogwa vibaya. Lakini niliinyamazia. Baba aliushika kwa mkono wa kushoto, akaugeuza mara moja tu.

"Hii imepikwa," akasema, akanirudishia.

Alikuwa na haki, na nilimkasirikia kwa kuwa na haki.

Bwana mmoja mwenye shamba Kerege akasikia habari zangu. Alikuja mwenyewe na mfuko, ndani yake madonge meupe yanayong'aa, makubwa kama ngumi. Sandarusi, akasema, utomvu wa msandarusi, na miti hiyo anayo nyuma ya nyumba yake. Nilijua ile ni chakazi, yaani sandarusi mbichi iliyotoka kwenye gome juzi juzi, na baba alishanifundisha kwamba chakazi haifai kitu. Nilijua pia kwamba madonge ya namna ile ile yanatoka Bukini, kwa Wamalagasi, na yanauzwa mijini kwa jina la kaharabu kwa watu wasiojua. Nilijua yote hayo. Lakini mfungo pili ulikuwa umeshaandama, na jirani alikuwa kila akipita dirishani ananiuliza, "Kaharabu imeshatia nanga?"

Nikaitengeneza chakazi. Ilikuwa inanata kwenye tupa, inanata kwenye msumeno, nikiikimbiza keekee inapata joto na kugeuka ulimbo. Nilipomaliza ilipendeza. Nikaiweka rafuni ikauke kabla sijampa baba. Siku ya kumi nikaikuta imejaa nyufa ndogo ndogo uso mzima, mfano wa tope la chumvi likikauka, na alama za vidole vyangu zimeganda humo.

Nilimpelekea baba hivyo hivyo, kwa sababu nilishachoka kuficha. Akautazama.

"Nilikwambia," akasema. "Kaharabu haipatikani." Na nilimwona, wallahi, anakaribia kutabasamu.

Nilitoka uani nikawafokea kuku. Nilisema maneno ambayo kuku hawakustahili. Nilikuwa nimeacha kazi za watu, visu vya wateja vimelala kwenye boksi, mtaa unanicheka, na mtu ninayemhangaikia anafurahi ninaposhindwa. Nilifikiri, baba naye ni wale wale. Naye anamtafuta fundi mwenye ndevu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Alhamisi ile nilikuwa dukani nanunua msasa, na niliporudi, kabla ya magharibi, nikakuta shangazi ameshaanza kufukiza nyumba. Shangazi ni mdogo wake baba, aliishi nasi tangu alipofiwa na mumewe, na Alhamisi kwake haipiti bila chetezo. Nimezoea ubani wake. Lakini siku hiyo harufu ilinisimamisha mlangoni. Haikuwa ubani. Ilikuwa kali, ya kupanda puani, kama ganda la limau na utomvu vimetupwa kwenye makaa pamoja.

Kutoka chumbani kwake, mlango umefungwa, baba akaita, "Nani anachoma sandarusi?"

"Mimi, kaka," shangazi akajibu akiwa kwenye ukumbi. "Nimeikuta rafuni, kwenye kopo la chai."

Sikumbuki nilikivukaje kile kizingiti. Nilimnyang'anya chetezo. Juu ya makaa kipande cha mwisho cha mpini wa babu kilikuwa kinachemka, cheusi, kinatoa povu. Kopo lilikuwa tupu. Nilikuwa nimevihifadhi vile vipande nilinganishe rangi. Ndivyo pekee vilivyokuwa vimebaki. Nikamfokea shangazi yangu. Nilimfokea mtu aliyenibeba mgongoni, na sitayaandika niliyosema.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Umemaliza? Haya, niambie kosa langu. Nimekuta sandarusi, nimechoma sandarusi."

"Ile ilikuwa kaharabu, shangazi! Mpini wa babu!"

"Kaharabu?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mwanangu, mimi nimezaliwa ndani ya moshi wa sandarusi. Nitaacha kuijua? Na wewe pua yako imekwambiaje? Hata kaka yangu... hata baba yako aliye chumbani ameijua!"

Akaketi kwenye mkeka akanieleza. Bibi yangu, mama yao, alikuwa mtu wa Zinga, wa shamba. Walipokuwa wakilima muhogo kwenye ule udongo mwekundu, jembe lilikuwa linaibua madonge ya sandarusi, ya zamani, iliyolala ardhini mpaka ikawa ngumu kama jiwe, wakati miti yake haipo tena wala hakuna anayekumbuka ilisimama wapi. Madonge madogo bibi aliyachoma kwenye chetezo. Kubwa kuliko yote alilibeba siku alipoolewa mjini, akampa mumewe, fundi wa mipini.

"Babu yako akalitengeneza vizuri sana," shangazi akasema. "Halafu akawaambia watu ni kaharabu ya Uarabuni, kwa sababu kaharabu ilisemeka barazani. Mke wa shamba na mpini wa shamba, yote mawili kwa pamoja, hilo lilimshinda."

"Na wewe ulinyamaza miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza?"

Nilikaa pale sakafuni na chetezo mapajani. Nilikuwa nimekwenda Kariakoo, nimeongea na Unguja, nimesoma habari za bahari za Ulaya kwenye simu mpaka macho yakaniuma, natafuta kitu kilichotoka kwenye shamba la muhogo la bibi yangu, hapo Zinga, kwenye barabara ya Dar, ambapo nikisahau kitunguu mtu anaweza kunifuata nacho. Sijui kama nililia au nilicheka.

Nikaingia chumbani kwa baba.

"Umeyasikia?"

"Nimeyasikia."

"Na ulikuwa unajua?"

Akageukia ukutani. "Jina hilo nilipewa na baba yangu. Ningemrudishia?" Kisha akaongeza haraka, "Na hata hivyo, hiyo ya ardhini haipo tena. Ilichimbwa ikaisha, zamani. Acha, mwanangu. Mwambie jirani achinje yeye mwaka huu."

Nilihisi amenipiga kofi. Miaka thelathini na zaidi ya tupa na msasa, na bado ananiona siwezi. "Simwambii," nikasema. "Utachinja kwa kisu chako." Nikatoka bila kusubiri jibu.

Jumamosi tulikwenda Zinga mimi na shangazi. Shamba la bibi nusu limeuzwa, limezungushiwa ukuta, ndani hakuna kitu ila majani na mbwa. Nusu iliyobaki wanalima ndugu zetu. Shangazi hakutaka jembe. Alitaka kwenda pale mvua za masika zilipokula ukingo wa mfereji, udongo mwekundu umekatika wima. Alitembea na fimbo, anadokoa, anainama, anaokota vitu nisivyoviona. Kila kitu nilichookota mimi kilikuwa kokoto. Kila alichookota yeye alikilamba, akakisugua kwenye kanga, akakitazama, akakitupa au akakitia kifundoni. Jua lilituwakia mpaka mchana. Mimi nilishakata tamaa, nilishakaa chini, nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia jirani, shangazi aliponiita.

Donge lilikuwa limetokeza nusu ukingoni, chafu, halina tofauti na kiazi kilichooza. Nikalichimbua kwa kisu. Nilipolisuuza kwa maji ya chupa, ganda likatoa vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Shangazi akapitisha kidole. "Hii ndiyo ngozi yake," akasema. "Chakazi haina vipele. Vipele ni vya kukaa chini." Nikalikwaruza pembeni. Rangi ya asali ikanitazama.

Sijawahi kufanya kazi kwa woga kama ule. Nililiroweka kwenye maji ya majivu, nikakwangua ganda taratibu. Msumeno niliutia maji kila baada ya kuvuta mara tano. Tundu la msuka nililitoboa kwa mkono, bila umeme, siku nzima na nusu, kwa sababu keekee ikishika joto sandarusi inapasuka na sikuwa na donge la pili. Nilidondoshea spiriti kwenye chenga iliyobaki: chakazi ingenata kwenye kidole papo hapo, hii haikujali. Nikarudisha pete za shaba za zamani. Nikapiga msasa mkavu, kisha wa maji, kisha kitambaa cha kanga na majivu yaliyochekechwa, mpaka mpini ukaanza kupitisha mwanga. Naomba niseme bila kujivunga: ile ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ni nzuri kuliko ya babu.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika Idd. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nikasukuma mlango wa baba kwa kiwiko bila kupiga hodi.

Alikuwa anakula. Sahani ya wali iko mbele yake, na mkono uliokuwa ndani ya sahani ulikuwa wa kushoto. Punje za wali zilimganda mpaka kwenye kifundo. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, kiganja juu, kama kitu ambacho mtu mwingine amekiweka pale akaenda zake.

Akauficha ule wa kushoto nyuma ya mgongo. Baba yangu, ambaye alitupiga vidole sisi sote tulipokuwa wadogo kwa kugusa chakula na mkono wa kushoto.

Sikuelewa bado. Au sikutaka. Nilimpa kisu, nikasema kwa kicheko cha uongo, "Shika kwa mkono wa kazi, baba." Akautazama mpini kwa muda mrefu sana. Akauinua mkono wa kulia, polepole, akauweka juu yake. Vidole vikafunga nusu, vikasimama. Kisu kikateleza kikaangukia godoroni. Akajaribu tena. Kikaanguka tena.

"Mpini hauna kosa," akasema.

Hapo yote yakajipanga yenyewe. Mlango unaofungwa wakati wa kula. Kuku wa Idd ndogo, na kile kisu kilichopiga saruji. Mpingo unaoteleza, pembe inayonuka, kaharabu iliyopikwa, na lile tabasamu alipoziona nyufa zangu.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo. Ulianza kwenye vidole."

"Na mimi ulikuwa unanizungusha!"

"Ulikuwa unatafuta," akasema. "Mtu akiniuliza habari za Idd, namwambia kisu hakina mpini. Ilikuwa inanitosha, mwanangu. Ningewaambia nini? Kwamba sina mkono?"

Nitasema kweli: hasira ilikuja kwanza. Nilimkumbuka muuzaji wa Kariakoo na kicheko cha jirani, na zaidi ya yote nilimkumbuka shangazi na maneno niliyomtupia. Nilitaka kumuuliza baba kama aliona ni heri mtaa mzima unione mimi ndiye kilema. Nilifungua mdomo. Kisha nikamwona anajaribu kufuta ule mkono wenye wali kwenye shuka bila mimi kuona, nikafunga mdomo, nikaenda kumletea maji ya kunawa. Nilimnawisha mwenyewe. Tukakubaliana hospitali, baada ya Idd.

Kisu nilikinoa. Nilikipaka mafuta, nikakifunga kwa kitambaa cheupe, nikakitia kwenye droo ya meza yangu ya kazi.

Asubuhi ya Idd, watu walipotoka kusali, uani kwetu kulijaa mbuzi na kanzu. Baba alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa ukumbi, amevaa joho, mkono wa kulia uko ndani ya joho. Watu walimpa mkono wa Idd naye akawapa kichwa tu wambusu, wakadhani ni uzee. Jirani muuza nyama akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Haya, mzee, tunakusubiri wewe. Kisu kiko wapi?"

Baba aliinamisha kichwa. Alitazama saruji. Ua mzima ukaingojea ile kaharabu yao kwa macho.

"Mpini haujakamilika," nikasema. "Nimeshindwa."

"Eh! Si nilisema?" Jirani hakusema kwa ubaya hata; alisema kama mtu aliyetabiri mvua. Mwanamke mmoja akapiga ulimi kwa kunihurumia. Nyuma yake nikasikia mtu akimweleza mwenzake kwamba kazi zile tangu asili zinataka mwanaume. Shangazi, aliyekuwa na beseni mkononi, akanikodolea macho, kwa sababu yeye aliuona mpini ukiwa tayari. Nikamtazama tu. Akatua beseni chini.

"Chinja wewe mwaka huu, jirani," nikasema. "Baba hachinji kwa kisu cha mtu."

"Kaharabu haitaki haraka," baba akasema kutoka kwenye kiti, kwa ile sauti yake ya Idd, ili kila mtu asikie. "Mwakani ataumaliza, inshallah."

"Inshallah," nikasema, nikaenda kumshikia jirani miguu ya mbuzi.